Usaili Huanza Siku ya Tangazo: Maandalizi na Mwenendo Mwema Mbele ya Jopo

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu usaili wa ajira za Halmashauri



Halmashauri ya Wilaya inapopata kibali cha kuajiri, tangazo hubandikwa katika mbao za ofisi za kata na vijiji. Kabla gundi haijakauka, habari huwa zimekwisha kufika gulioni na vijiweni. Wako wanaofurahi, na wako wanaoguna. Wanaoguna husema neno moja lililozoeleka: nafasi hizo zina wenyewe.

Neno hilo lastahili kujibiwa kwanza, kwa kuwa huwafanya vijana wenye sifa wasiombe kabisa, au waombe shingo upande. Ibara ya 22 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi, na inampa kila raia haki na fursa iliyo sawa na ya mwenzake ya kushika kazi yoyote iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Kwa hiyo nafasi iliyotangazwa haina mwenyewe. Haina maana kwamba hayupo anayejaribu kuipindisha haki hiyo. Yupo, na habari zake zitafuata mbele. Lakini iko njia nyingine ya kukosa kazi, isiyo na mwizi wala mla rushwa ndani yake, nayo ni kufika mbele ya jopo mikono mitupu. Njia hiyo mwombaji anaweza kuiziba mwenyewe, akiwa nyumbani kwao, na kwa gharama ndogo.

Shabaha ya mada hii ni jambo moja. Usaili hauanzi siku msailiwa anapoingia katika chumba cha jopo. Huanza siku tangazo linapotoka, na mtu aliyeitumia vema miezi au majuma ya katikati huingia chumbani akiwa amekwisha kuifanya sehemu kubwa ya kazi.

Tangazo ndilo kitabu cha kusoma

Vijana wengi hulisoma tangazo la kazi kwa kutafuta mambo matatu: sifa, mshahara na tarehe ya mwisho. Wakishayapata, hulifunga. Sehemu wanayoiruka ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni orodha ya majukumu.

Uchukuliwe mfano wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, ambayo halmashauri za wilaya huitangaza mara kwa mara. Tangazo lake hueleza kuwa Mtendaji ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Kwamba husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Kwamba ni Katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Kwamba hutafsiri na kusimamia sera, sheria na taratibu. Kwamba hutunza kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji. Kwamba hupokea, husikiliza na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Na kwamba huwajibika kwa Mtendaji wa Kata. Mwombaji mwenye busara huligeuza kila jukumu kuwa swali. Afisa Masuuli maana yake nini? Katibu wa mkutano huandika nini katika muhtasari? Mgogoro wa wakulima na wafugaji hutatuliwa kwa hatua zipi? Akimaliza orodha hiyo, amekwisha kujitungia mtihani wake mwenyewe, na mtihani wa jopo hautakuwa mbali na huo.

Majibu ya maswali hayo hayako mbali. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo msingi wa Serikali ya Kijiji. Humo mwombaji atajifunza kuwa Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na kwamba Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 itamfundisha namna ardhi ya kijiji inavyosimamiwa. Zaidi ya vitabu, iko shule iliyo wazi kwa kila mtu, yaani Mkutano Mkuu wa kijiji chake mwenyewe, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kijana ambaye hajapata kuhudhuria mkutano huo hata mara moja, kisha akaomba kuwa katibu wake, ana kila sababu ya kuhofu jopo.

Kwa Dereva Daraja la II mambo ni hayo hayo. Tangazo hutaja kukagua gari kabla na baada ya safari, kufanya matengenezo madogo madogo, kujaza daftari la safari, kusambaza nyaraka na kulitunza gari katika hali ya usafi. Anayejua kuendesha tu, lakini asiyeweza kueleza kwa mpangilio anachokikagua asubuhi kabla ya kuwasha injini, amejua nusu ya kazi anayoiomba. Naye mwenye kuomba uhazili ajue kuwa vidole vyake vitahojiwa pamoja na ulimi wake, kwa kuwa kada hiyo hudai hatimkato ya maneno 100 kwa dakika moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kasi iliyolala tangu siku ya kumaliza chuo haiamki kwa usiku mmoja.

Nyaraka hutangulia kuzungumza

Kabla msailiwa hajafungua kinywa, vyeti vyake huwa vimekwisha kusema. Wako wanaorudishwa mlangoni wakiwa na akili timamu na majibu yote, kwa kuwa karatasi moja haikuwa sawa. Jambo hilo linaumiza kwa sababu hutokea baada ya nauli kulipwa na mwenye nauli, mara nyingi, ni mama aliyeuza kuku au debe la mahindi.

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma hurudia masharti yale yale, na yafaa kukaririwa. Msailiwa afike na vyeti vyake halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita kama alifika huko, hadi vya astashahada, stashahada au shahada kulingana na sifa za kazi. Hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika, yaani TCU, NACTVET au NECTA. Wenye taaluma zinazohitaji usajili waje na vyeti vyao halisi vya usajili pamoja na leseni za kufanyia kazi. Dereva asiiache leseni yake nyumbani. Kila mmoja awe na kitambulisho, kiwe cha Taifa, cha mpiga kura, pasipoti, leseni ya udereva, au barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anachoishi.

Kikwazo kinachowakuta wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha, cha kidato cha nne kinasema Aisha. Shuleni mtoto aliandikishwa kwa jina la babu, chuoni akatumia jina la baba. Nyumbani kila mtu anajua kuwa ni mtu yule yule, lakini jopo halikuzaliwa naye. Tofauti ya namna hiyo hutatuliwa kwa hati ya kisheria ya majina, ambayo wengi huiita dipoli, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Kwa hiyo kila mzazi mwenye kijana aliyemaliza masomo na avitandaze vyeti vyake vyote mezani mapema, avilinganishe herufi kwa herufi, na kasoro ianze kushughulikiwa kabla ya tangazo lolote kutoka. Aliyepoteza cheti naye asingoje kuitwa. Atoe taarifa polisi, kisha aufuate utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania.

Maombi yenyewe hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Ajira Portal. Asiye na simu ya kisasa anaweza kusaidiwa, lakini asimkabidhi mtu nywila yake akaondoka. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Baada ya kutuma, mwombaji aifungue akaunti yake mara kwa mara, kwa kuwa humo ndimo atakamoona kama ameitwa, wapi na lini. Namba ya usaili ainakili mwenyewe mapema. Aisome tarehe mara mbili na jina la kituo mara mbili, kwa maana gharama za usafiri, chakula na malazi ni zake, na kufika mahali pasipo pake ni sawa na kutofika. Mwenye ulemavu au mahitaji maalumu ayaeleze katika mfumo tangu mwanzo ili aandaliwe mazingira yanayomfaa. Kufanya hivyo si kuomba huruma.

Hatua za usaili

Kwa kawaida usaili huanza na mchujo wa kuandika, na katika baadhi ya kada hufanyika kwa kompyuta. Waliofaulu huendelea na usaili wa vitendo pale kazi inapouhitaji, kama ilivyo kwa madereva na wahazili, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Asiyewahi kugusa kompyuta na aombe kujifunza kutumia kipanya na kibodi kabla ya siku hiyo, kwa mwalimu, kwa jirani au katika steshenari ya karibu. Ni hasara kubwa mtu kujua jibu akashindwa kulibofya.

Katika kuandika, kanuni ni mbili. Ya kwanza ni kulisoma swali hadi mwisho kabla ya kujibu, kwa kuwa maneno madogo kama "isipokuwa" na "si kweli" huwaangusha wenye haraka. Ya pili ni kutoliganda swali moja huku saa inakwenda.

Kujieleza si kujisifu

Mahojiano ya ana kwa ana ndiyo yanayowatisha wengi, na sababu mojawapo imo katika malezi. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kujibu kwa neno moja, na kutojitapa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Malezi hayo ni mema wala hayapaswi kutupwa. Lakini kijana akiyapeleka yote kama yalivyo mbele ya jopo, atajibu "ndiyo" na "hapana" kwa dakika kumi, na wajumbe watabaki na karatasi tupu. Hawamjui, hawakuishi naye, wala hawana njia ya kuujua wema wake usipotamkwa.

Tofauti kati ya kujieleza na kujisifu ni ushahidi. Anayesema "ni mchapakazi, mwaminifu na mbunifu" amejisifu, kwa kuwa maneno hayo kila mtu anaweza kuyasema. Anayesema kwamba alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwamba daftari la kikundi lilipokuwa na tofauti alikaa na wenzake wakapitia risiti moja baada ya nyingine hadi kosa likaonekana, na kwamba tangu hapo kikundi kilianza kusomewa hesabu kila mwezi, amejieleza. Amesema jambo lilikuwa nini, yeye alifanya nini, na liliishaje. Mpangilio huo wa sehemu tatu unafaa kwa karibu kila swali linaloanza kwa maneno "eleza wakati ambapo".

Kijana atasema: sijawahi kuajiriwa, nitaeleza nini? Kazi na ajira si kitu kimoja. Aliyekuwa karani katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ameshughulika na watu na kumbukumbu. Aliye katibu wa kwaya au wa madrasa ameandika mihtasari. Aliye katika kikundi cha vijana kilichoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri ameijua katiba ya kikundi, akaunti ya benki na marejesho. Aliyemsaidia baba yake kuuza mazao gulioni amejifunza kupima, kuhesabu na kuvumilia maneno ya wateja. Yote hayo ni uzoefu, ilimradi yasemwe kwa ukweli na kwa kiasi chake.

Ukweli huo una uzito wa kisheria pia. Matangazo ya ajira huonya kuwa anayewasilisha taarifa au sifa za kughushi atachukuliwa hatua. Lakini hata uongo mdogo, kama wa kudai ujuzi wa kompyuta ambao haupo, huanguka kwa swali la pili. Msailiwa asiyejua jibu aseme kwa heshima kwamba hilo halifahamu vema, kisha aeleze angelitafuta wapi. Mtumishi anayekubali mpaka wa ujuzi wake huaminika kuliko anayebahatisha, hasa katika kazi ambayo kosa lake litaangukia kijiji kizima.

Maswali mawili na namna ya kuyajibu

Swali la kwanza laweza kuwa hili: mifugo imeingia katika shamba la mahindi, mwenye shamba na majirani zake wameshika mapanga, na mwenye ng'ombe amewaita ndugu zake. Mtendaji wa Kijiji afanye nini?

Msailiwa ambaye hakujiandaa huruka moja kwa moja kwenye hukumu: mwenye ng'ombe alipe. Aliyejiandaa hukumbuka kuwa Mtendaji ni mlinzi wa amani kabla ya kuwa jambo jingine. Kwanza atazuia damu isimwagike, kwa kushirikiana na Mwenyekiti wa Kijiji na mgambo, na kwa kuita polisi hali ikizidi uwezo wao. Pili, atazitenganisha pande mbili na kuzisikiliza zote. Tatu, atawaita wataalamu wa kilimo na mifugo wafanye tathmini ya uharibifu, ili fidia isitokane na hasira. Nne, ataandika kila kitu na kumpa taarifa Mtendaji wa Kata. Tano, ikibainika kuwa chanzo ni mpaka wa ardhi, atalielekeza suala hilo Baraza la Ardhi la Kijiji. Jibu hilo halihitaji ufasaha wa mwanasiasa. Linahitaji mtu aliyeifikiria kazi.

Swali la pili ni gumu zaidi: Mwenyekiti wa Kijiji, mtu mzima anayeheshimiwa, anataka fedha za kijiji zitolewe leo kwa jambo jema, lakini hakuna kikao kilichoidhinisha. Hapo jopo linapima kama heshima ya msailiwa ina uti wa mgongo. Jibu sahihi huanza kwa adabu na huishia katika utaratibu. Mtendaji atamweleza mzee huyo kwamba jambo lenyewe ni jema, lakini fedha ni za wananchi na yeye kama Afisa Masuuli ndiye atakayeulizwa. Atapendekeza Halmashauri ya Kijiji iitishwe kwa dharura, uamuzi uandikwe katika muhtasari, na matumizi yasomwe katika Mkutano Mkuu. Hatamdhalilisha mkubwa wake, wala hatatoa fedha.

Kwa dereva, swali la kipimo hicho hicho huja kwa sura nyingine: kiongozi amechelewa kikaoni, anamhimiza dereva akimbize gari katikati ya makazi ya watu ambamo mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Dereva anayesema "nitamtii kwa kuwa ni mkubwa wangu" amejibu kwa unyenyekevu, lakini amelikosa swali. Usalama wa abiria na wa waendao kwa miguu uko mikononi mwake, na kukataa kwa lugha ya upole ni sehemu ya kazi yake.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia usaili si wa kusoma hadi alfajiri. Ni wa kupanga vyeti katika bahasha kwa utaratibu, kupiga pasi nguo, na kulala. Anayetoka kijiji cha mbali afike mjini siku moja kabla, kwa kuwa basi la alfajiri lina ahadi zake na barabara ina zake.

Nguo ziwe safi, za heshima na za kumkaa vizuri mwenye nazo. Shati lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa na viatu vilivyofutwa vumbi vyamtosha mwanamume. Gauni au sketi ya heshima, hata ya kitenge kilichoshonwa vema, yamtosha mwanamke. Hakuna sababu ya kukopa fedha ili kununua suti. Nguo ya kuazima isiyomkaa humfanya mtu aivutevute badala ya kusikiliza swali.

Msailiwa ajue pia kuwa anatazamwa tangu getini. Namna anavyomsalimu mlinzi, anavyongoja zamu bila kusukumana, na anavyozungumza na karani wa mapokezi ni sehemu ya mwenendo wake. Simu aizime kabisa. Akiitwa, agonge mlango, aingie, awasalimu wajumbe kwa "shikamooni" au "habari za asubuhi" kwa kadiri ya umri wao, angoje kuelekezwa pa kuketi, kisha ashukuru na kukaa wima. Anapojibu, amtazame aliyeuliza kwa utulivu na mara moja moja awatazame wengine. Asikodoe macho, wala asizungumze na sakafu.

Asimkatize mjumbe. Swali ambalo hakulielewa aombe lirudiwe; kuomba hivyo si aibu, kwa maana asiyeuliza hana ajifunzalo. Anyamaze kidogo afikiri kabla ya kujibu. Akimaliza jibu, anyamaze. Wengi huharibu jibu zuri kwa kulirefusha. Asiwaseme vibaya waajiri wake wa zamani, walimu wake wala viongozi wa kijiji chake, hata kama ana kisa cha kweli, kwa kuwa jopo litajiuliza atakuja kusema nini juu ya ofisi hii. Asitaje majina ya ndugu walio na vyeo. Habari ya mshahara asiifanye mnada, kwani ngazi yake imekwisha kuandikwa katika tangazo kwa viwango vya Serikali.

Mwishoni jopo likimuuliza kama ana swali, aulize jambo linalohusu kazi: changamoto za kituo, mafunzo ya watumishi wapya, au matarajio ya miezi ya kwanza. Kisha ashukuru na kutoka kwa utulivu ule ule alioingia nao.

Wauza nafasi

Sasa habari za wanaopindisha haki. Katika kila msimu wa ajira huzuka watu wanaodai kuwa na mkono ndani ya ofisi. Hupiga simu, huonyesha barua zenye mihuri, na husema kwamba kwa kiasi fulani jina litaingia katika orodha. Familia huuza ng'ombe, huweka shamba rehani, na fedha ikishapokelewa simu haipatikani tena. Hata pale ambapo mpokeaji ni mtumishi kweli, mtoaji na mpokeaji wote wamevunja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sheria hiyo, katika kifungu cha 25, inalitaja pia kosa la kudai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira au haki yake. Binti anayekutana na dai la namna hiyo hana kosa wala aibu. Mwenye kosa ni aliyelitamka. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo, na mzazi anayemwamini mwanawe na kusimama naye humpa ujasiri wa kuipiga.

Kuna hoja nyepesi ya kuwajibu wauza nafasi. Kijiji kikipata Mtendaji aliyeinunua kazi yake, fedha aliyoilipa itarudi kwake kutoka mahali fulani, na mahali hapo ni kwenye mihuri, faini, michango na mipaka ya mashamba ya wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo usaili ulio wa haki humhusu hata mzee ambaye hana kijana anayetafuta ajira.

Baada ya usaili

Kutopata nafasi mara ya kwanza hakumaanishi kushindwa kabisa. Nafasi zikiwa chache kuliko waliofaulu, wako ambao majina yao huhifadhiwa katika kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira na kupangiwa vituo baadaye. Kwa hiyo akaunti isiachwe ikalala, na namba ya simu isibadilishwe ovyo. Aliyepangiwa kituo aripoti katika muda uliotajwa akiwa na vyeti vyake halisi, asije akaipoteza kwa uzembe nafasi aliyoipata kwa jasho. Aliyekosa kabisa aandike jioni ile ile maswali aliyoulizwa na mahali alipokwama. Karatasi hiyo itamfaa usaili ujao, na itamfaa pia mdogo wake au jirani yake.

Wazazi nao wana sehemu yao. Jioni moja, baada ya chakula, baba, mama na mjomba wanaweza kuketi kama jopo, kijana akabisha hodi, akaingia na kuhojiwa kwa maswali yaliyotoka katika tangazo. Watacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hawatacheka, kwa kuwa kijana atakuwa amepata sauti yake. Mazoezi hayo hayana ada.

Ndugu wananchi, jopo lolote la haki humtafuta mtu anayeijua kazi, anayesema kweli, na anayeweza kuaminiwa kukaa na watu. Kijana anayejiandaa kwa namna iliyoelezwa hapa hajiandai kwa dakika chache za mahojiano tu. Anajifunza sheria atakazozisimamia, kumbukumbu atakazozitunza na malalamiko atakayoyasikiliza. Akiajiriwa, kijiji kitampata mtumishi aliyekwisha kuanza kazi moyoni. Asipoajiriwa, kijiji kitabaki na raia anayejua Mkutano Mkuu unapaswa kuitishwa lini na hesabu zisomwe vipi, na raia wa namna hiyo ni faida kwa kata.

Tangazo lijalo likibandikwa, na lisomwe hadi mstari wake wa mwisho.